Daftari la Mradi Linalala Wapi?

Nikisikia kijiji fulani kimepata mradi, siulizi kwanza mfadhili ni nani wala ameleta shilingi ngapi. Nauliza daftari lake linalala wapi. Nikiambiwa linalala kwa mhazini wa kamati, au ndani ya kabati la ofisi ya kijiji, napata nguvu ya kuuliza mengine. Nikiambiwa taarifa zote ziko mjini kwa wenye mradi, moyo unapoa. Nimeiona miradi mingi ya namna hiyo hapa Njombe, mingine nimeitumikia mwenyewe, na najua inavyokwisha.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofundishwa tangu shuleni. Kwa miradi ya maendeleo mimi naongeza jambo moja: hata daftari likiwapo, kama wenye mali hawalioni, mali inapotea vilevile.

Swali hili nililipata kwa mama yangu, ingawa yeye hakuwahi kulitamka.

Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe mkoani Iringa. Serikali yetu iliuendesha pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha zilizotoka serikali ya Italia. Wakati huo Njombe, Makete na Ludewa zilikuwa bado wilaya za Iringa. Mkoa wetu wa Njombe umezaliwa juzi tu, 2012. Mpango ulianza na vijiji 168, na chetu kilikuwamo. Mkutano wa kijiji ulimchagua mama kuwa mhudumu wa afya. Aliishia darasa la nne, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri na hakuwa mtu wa kubeba maneno ya watu, na nadhani hilo la pili ndilo lililompa kura. Akaenda mafunzoni, akarudi na mizani ya kutundika, kadi za watoto na kaunta buku moja nene lenye jalada la bluu.

Nilikuwa na miaka minane. Kila baada ya miezi mitatu ilifika siku ya kupima. Mizani ilifungwa kwenye boriti ya baraza la ofisi ya kijiji, na watoto wote wa chini ya miaka mitano wakaletwa, hata wa vitongoji vya ng'ambo ya mto. Baridi ya Julai huku kwetu si ya kusimuliwa kwa mtu wa Dar es Salaam akaielewa. Mtoto anavuliwa nguo, anavikwa ile kaptula ya kamba, ananing'inia analia, mvuke unamtoka mdomoni. Mama anasoma kwa sauti: "Kilo nane na nusu!" Mwenzake anaandika. Kisha nukta inawekwa kwenye kadi, na kadi ilikuwa na rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Mama asiyejua kusoma aliijua rangi ya mwanawe kabla hajatoka barazani.

Kupima hakukuwa ajabu. Zahanati zilikuwa zikipima tangu zamani. Jambo geni lilikuja mchana, watu walipokaa na mwenyekiti akasimama na lile kaunta buku. Hakutaja jina la mtoto hata mmoja. Alitaja vitongoji: huku wekundu watatu, kule mmoja, kule hakuna. Safari iliyopita walikuwa watano, leo watatu. Halafu akauliza kwa nini.

Nilikuwa nimekaa chini pamoja na watoto wenzangu, na mpaka leo nakumbuka ukimya uliofuata swali lile. Wanaume walitazama viatu vyao. Kisha bibi mmoja akasema jambo ambalo kila mwanamke alikuwa analijua: mtoto anaamka asubuhi mama yake ameshakwenda shamba, anaachiwa dada wa miaka sita, anakula uji mara moja, anangoja ugali wa jioni. Chakula ndani kimejaa, mtoto ana njaa. Baba mmoja akajibu kwamba hata hicho chakula hakijajaa, kwa sababu maharage yote yanauzwa mwezi wa sita. Wakabishana mpaka jua likashuka. Mwisho wakaamua mambo mawili ninayoyakumbuka: mwenye mimba kubwa asiitwe kwenye kazi za kijiji, na kila kitongoji kiwe na nyumba moja ambapo watoto wadogo watalishwa mchana wakati mama zao wako shamba, kila kaya ichange debe la mahindi na visado vya maharage.

Na hapo ndipo mama alipowaendea wapika pombe. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa inahimiza unga wa kimea kwenye uji wa watoto. Sababu yake ni rahisi: uji wa mahindi ukiwa mzito mtoto hawezi kuumeza, ukiwa mwepesi anashiba maji. Ukitia kijiko cha unga wa ulezi uliooteshwa, uji mzito unalainika palepale chunguni bila kuongezwa maji, na mtoto anakula chakula kingi ndani ya tumbo dogo. Wataalamu wanajua jina la kile kinachovunja wanga. Wapika pombe wetu hawakujua jina, ila walikuwa wakiotesha ulezi tangu kwa bibi zao. Mama hakuwafundisha kitu. Aliwaomba tu wawagawie majirani walichokuwa wanakijua.

Kati ya 1984 na 1988, katika eneo lile la mwanzo, watoto wenye utapiamlo mkali walishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha kwa dunia nzima mwaka 1990, unaotenganisha chakula, maradhi na matunzo, na kushuka mpaka kwenye sababu za chini kabisa za kiuchumi na kisiasa, ulikomazwa na yaliyofanyika Iringa. Nawaambia vijana hivi kila ninapopata nafasi, kwa sababu wanadhani maarifa ya maendeleo siku zote huja kwetu na ndege.

Usiku kaunta buku lile lililala chini ya kitanda cha mama, ndani ya sanduku la bati. Nakala ya hesabu ilipelekwa kata na wilaya, lakini lenyewe halikuondoka. Mgeni wa wilaya alipotaka kuliona alikuja kwetu, akapewa kigoda, akasalimiwa "kamwene" kama watu wengine, akasubiri mama atoke shamba. Kijiji nacho hakikumwacha mama hivihivi: kwa misimu kadhaa kililima ekari yake ya mahindi. Fedha za Italia zilinunua mizani, baiskeli na mafunzo. Kazi ya kuuliza kwa nini ilikuwa yetu.

Kwa hiyo mtu asiniweke kwenye kundi la wanaosema misaada yote ni sumu. Dada yangu mdogo alikuwa kijivu mwaka ule, na sasa ana watoto wanne.

Nilipokua nikasoma, nikapata kazi kwenye shirika moja lililokuwa na mradi wa kilimo na kipato kwa kaya. Sitalitaja, maana waliokuwa mle wengi walikuwa watu wema na waliamka alfajiri kama mimi. Nilifanya kazi pale miaka tisa. Kila mwezi nilizunguka vijiji na fomu. Una mbuzi wangapi, umepanda eneo gani, umehudhuria mafunzo mara ngapi, mwanamke anashiriki kuamua mauzo, ndiyo au hapana. Nilijaza, nikaingiza kwenye kompyuta, nikatuma. Robo mwaka ikifika tulikesha ofisini kuandaa taarifa ya mfadhili, na namba kubwa kuliko zote ilikuwa idadi ya walionufaika. Mtu aliyehudhuria semina ya siku mbili alikuwa amenufaika. Aliyesaini karatasi ya mahudhurio akapokea posho na soda alikuwa amenufaika.

Siku moja, kijiji kimoja cha upande wa Lupembe, mzee mmoja alinikaribisha uani kwake. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikatoa fomu. Akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, yale uliyoniandika mwaka jana yalisemaje?"

Sikuelewa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hizi ni za mwaka huu."

"Marahaba. Najua za mwaka huu. Nauliza za mwaka jana. Ulihesabu mbuzi wangu, ukahesabu wa jirani, ukahesabu wa kijiji kizima. Tumepanda au tumeshuka?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwapo mahali fulani, limechorwa vizuri kwa rangi, ndani ya taarifa iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiandika sehemu yake. Niliondoka pale nikiwa nimejaza fomu yake yote, maana hakuninyima, na njia nzima nilimfikiria mama na kaunta buku lake. Yeye kwa darasa la nne angemjibu mzee yule papo hapo.

Nilirudi ofisini nikaomba turudishe matokeo vijijini, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kila kijiji. Nikajibiwa kwamba bajeti ya shughuli hiyo haipo na taarifa ni mali ya mfadhili. Baada ya miaka miwili mradi ukafungwa kwa sherehe, fulana na kofia zikagawiwa. Kompyuta zikaondoka na kila mbuzi tuliyemhesabu.

Nikarudi nyumbani. Sasa ni mhazini wa jumuiya ya watumiaji maji, na maji yananifundisha somo lilelile kwa njia nyingine.

Mwaka 1971 serikali ilijiwekea lengo la miaka 20: ifikapo 1991 kila mtu wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake. Lilikuwa lengo kubwa, na fedha za kulitimiza peke yetu hatukuwa nazo. Nchi mbalimbali zikagawana mikoa. Denmark ikasaidia Iringa, Mbeya na Ruvuma. Huku nyanda za juu Mungu alitupendelea kwa kitu kimoja: maji yako juu na watu wako chini. Mradi wa mserereko hauhitaji dizeli wala umeme. Unajenga banio kwenye chanzo mlimani, unashusha bomba, unaweka tenki, unagawa kwenye vilula, yaani mabomba ya kuchotea. Maji yanateremka kwa uzito wake.

Wa kwetu ulichimbwa kwa mikono. Kila kaya ilipewa hatua zake za mtaro, na kina chake kilipimwa kwa fimbo; aliyechimba kifupi alirudia. Vijana wawili walifundishwa ufundi na kukabidhiwa spana. Kamati ikachaguliwa, nusu yake wanawake, jambo ambalo wakati ule lilizua maneno vilabuni kwenye ulanzi kwa wiki nzima. Mradi ule ulitunywesha zaidi ya miaka ishirini. Uliugua mara nyingi: bomba lilikatwa na maporomoko, koki zilichakaa, kuna mwaka banio lilizibwa na tope. Kila mara fundi alipanda mlimani, kwa sababu alijua bomba limepita wapi. Alilizika mwenyewe.

Kisha watu wakaongezeka, maji yakapungua, likaja shirika jingine na suluhisho. Walichimba kisima kirefu bondeni, wakaweka pampu na jenereta. Wazee waliwaambia kuna chanzo cha pili mlimani, nyuma ya msitu, hakijawahi kuguswa. Wakajibiwa kwamba kukipima kungechukua miezi, na fedha zilitakiwa ziwe zimetumika kabla ya Juni. Pampu ikafungwa, bango likasimikwa, maji yakatoka. Mwaka wa kwanza mradi ulinunua dizeli. Mwaka wa pili mradi ukaondoka, na hakuna mtu kijijini aliyejua ndoo moja ya maji yale inatugharimu shilingi ngapi, kwa kuwa stakabadhi za dizeli hazikuwahi kupita mikononi mwetu. Tukapanga bei kwa kukisia. Ikawa chini ya gharama. Jenereta ikazimika mwezi wa nane na haikuwaka tena. Bango bado limesimama. Kuku wanalala kwenye kibanda cha pampu.

Sheria ya maji ya mwaka 2019 ilileta RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na kuzitambua rasmi jumuiya kama yetu. Mafundi wa wilaya walikuja wakapima kile chanzo cha nyuma ya msitu, na sasa maji yake yanateremka. Wananchi wanalipa shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20. Kila miezi mitatu, kwenye mkutano mkuu wa kijiji ambao sheria inautaka, nasimama na kusoma: tumekusanya kiasi hiki, tumenunua koki tatu na bomba futi kadhaa, mlinzi wa chanzo amelipwa, benki kuna kiasi hiki. Mara ya kwanza miguu ilitetemeka. Mama mmoja alisimama akasema kilula cha kwao kimefungwa siku tisa mwezi wa tatu, mbona hesabu inaonyesha kimeingiza sawa na vingine? Tulifuatilia. Msimamizi wa kilula kingine alikuwa amekosea kuandika, kapachika mapato yake kwenye mstari usio wake. Hakuna mkaguzi wa mjini angeligundua kosa lile, kwa sababu jumla ilikuwa sahihi. Aliligundua mtu aliyekwenda na ndoo siku tisa akarudi nayo tupu.

Kwenye vikundi vya kuweka akiba jambo hili liko wazi zaidi. Utaratibu wa hisa na sanduku lenye kufuli tatu una chimbuko lake Niger, mwaka 1991, ambako shirika la CARE lilianza na vikundi vya wanawake. Ni wazo lililokuja na wageni, na limeota huku kama mkaratusi. Nenda Makambako, nenda Ilula kwenye nyanya, nenda Tukuyu, utakuta VICOBA kila mtaa. Mfadhili hakuweka senti sandukuni. Kila wiki fedha zinahesabiwa juu ya mkeka, watu wote wanaona, kiasi kinatajwa kwa sauti na kila mmoja anatakiwa kukikariri mpaka wiki ijayo. Asiyejua kusoma anakagua kwa kichwa. Vikundi vinavyokufa ni vile ambavyo mtu mmoja anaanza kuhesabu nyumbani kwake.

Lakini itakuwa dhuluma nikiwabebesha wageni lawama yote. Jirani zetu wa Songea walikuwa na kijiji cha Litowa. Mwaka 1960 vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kuishi na kulima pamoja pale, na kutoka hapo kikakua Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, vijiji zaidi ya kumi vilivyojiunga kwa hiari, vikiwa na mashine yao ya kusaga na shule yao, na mikutano ambamo wanakijiji wenyewe waliamua. Mwalimu Nyerere alikipenda. Fedha za marafiki wa nje walizipokea, na waliamua wao zifanye nini. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku. Hakuna Mzungu aliyekiua. Kiliuawa na wakubwa wetu waliokosa usingizi kwa kuona watu wa chini wanapanga mambo bila kungoja maagizo. Miaka miwili tu nyuma Azimio la Arusha lilikuwa limetuambia fedha si msingi wa maendeleo, tujitegemee. Waliojitegemea wakavunjwa. Kila nikisikia kiongozi anahimiza nguvu za wananchi namkumbuka Millinga, na nauliza kama wananchi hao wataachiwa pia na uamuzi, au wanaitiwa mchanga na mawe peke yake.

Na kuna jambo jingine linalonikera zaidi ya hilo: maneno "maendeleo kutoka chini" yanavyogeuzwa kuwa kisingizio. Kuna vitu kijiji hakiwezi.

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini agizo la kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye mdogo wangu, binti wa baba mdogo, akapata ujumbe wa simu kwamba kazi imesimama. Alikuwa akifuatilia watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, hasa walioacha kuja kliniki. Mtu wa mbali anaweza asielewe uzito wa jambo hili hapa kwetu. Utafiti wa 2022/2023 uliiweka Njombe juu ya mikoa yote kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na virusi, ikafuata Iringa kwa 11.1, kisha Mbeya kwa 9.6. Tangu 2003 sehemu kubwa ya mapambano haya ilibebwa na fedha za Wamarekani. Nimezika watu miaka ya tisini, kabla dawa hazijafika, mazishi mawili kwa siku moja, mpaka mbao za majeneza zikawa shida katika wilaya yenye misitu. Sitathubutu kusema msaada ule haukuwa na maana. Uliwarudisha watu shambani.

Mwalimu wa shule aliyesimama kwa dawa hizo hawezi kuambiwa ajitegemee. Kijiji hakiwezi kukaa barazani kikatengeneza vidonge. Hiyo ni kazi ya serikali yetu, kwa kodi zetu, na tulipaswa kuianza kuibeba mapema, mwaka hadi mwaka, badala ya kungoja mlango ufungwe. Julai 1 mwaka uleule USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikoma kufanya kazi.

Lakini sikilizeni lililompata mdogo wangu. Orodha ya watu wake haikuwa kwenye daftari. Ilikuwa kwenye kishikwambi cha mradi, na kishikwambi kilikusanywa. Najua siri za wagonjwa hazianikwi, na orodha ile haipaswi kusomwa mkutanoni hata siku moja. Ila zahanati ya kijiji ingeweza kuwa na rejesta yake ndani ya kabati lake lenye kufuli, na haikuwa nayo. Alibaki na kichwa chake. Aliketi jikoni kwangu akafumba macho, akawa anatembea kwa mawazo nyumba hadi nyumba, huyu yuko chini ya kanisa, huyu amehamia kwenye mashamba ya chai. Kesho yake akaanza kuzunguka kwa miguu, bila posho. Alizunguka wiki sita. Muuguzi wa zahanati akaanza rejesta mpya kutokana na kumbukumbu za mwanamke mmoja. Naona aibu kwa niaba ya kila mmoja aliyesaini bajeti ya mradi ule na hakuweka ndani yake bei ya daftari.

Rafiki zangu walioko kwenye mashirika huniuliza, basi unataka tufanye nini? Nataka mje mmechelewa kidogo. Mtukute tumeshaanza, hata kama tumeanza vibaya. Nataka fedha ziwe ndogo mwanzoni, na zije kwa miaka mingi, kuliko rundo la miaka mitatu linalotakiwa kuisha kabla ya Juni. Mkileta semina, acheni posho. Atakayekuja bila posho ndiye mnayemtafuta. Na kila namba mnayoichukua, iacheni kwetu kwanza, kwa lugha yetu, kabla haijapanda basi.

Kwa sababu hii ndiyo iliyotupata sisi. Mpango wa lishe ulipokwisha, upimaji ukabaki kliniki. Hesabu zikawa zinakwenda wilayani, na wilayani zikaenda juu. Barazani hakuna aliyesimama tena kuuliza kwa nini. Utafiti wa afya wa 2022 ukaja kutuambia kwamba Iringa ina udumavu kwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano, Njombe 50.4, wakati taifa zima ni 30. Kipimo hiki ni cha urefu kwa umri na kile cha mama kilikuwa cha uzito, kwa hiyo silinganishi namba kwa namba. Lakini mkoa wenye viazi, mahindi, maziwa na maparachichi yanayosafirishwa mpaka Ulaya, nusu ya watoto wake ni wafupi kuliko walivyokusudiwa kuwa. Habari hiyo tuliisikia redioni, kama habari za watu wengine.

Mwaka jana tulimwomba muuguzi wa zahanati atufundishe. Fundi seremala akatengeneza ubao wa kupimia urefu, kwa mbao za mpaina, muuguzi akaukagua kwa futi yake mpaka akaridhika. Tulipima vitongoji vyote kwa siku mbili. Mtendaji alinunua kaunta buku kwa mfuko wa kijiji, na mkutano ukaamua likae kwa binti mmoja wa kidato cha nne ambaye nyumba yao iko katikati.

Jumamosi iliyofuata likasomwa. Vitongoji tu, bila majina, kama zamani. Waliokuwa chini ya mstari wa urefu wa umri wao walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na ukimya ukaja, ule ninaoujua. Kisha mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni, akauliza mayai yanayopakiwa kila Jumatano kwenye pikipiki kwenda Makambako yanatoka kwenye mabanda ya nani, na nani kati ya wenye mabanda hayo amempa mwanawe yai wiki hii. Wanaume wakapaza sauti. Mmoja akasema ada ya shule inatoka kwenye mayai hayohayo. Mwingine akasema tatizo si yai, ni mke kuwa shamba tangu alfajiri, na yeye mwenyewe akaulizwa alikuwa wapi alfajiri hiyo. Mwenyekiti aligonga meza mara tatu. Saa kumi na mbili na nusu giza likaanza kuingia, ukungu ukashuka, na hoja ya mayai ilikuwa bado kabisa. Imewekwa ya kwanza kwenye ajenda ya mkutano ujao.